Utete wa Arles

Nilishuka kwenye treni Arles, kusini mwa Ufaransa, nikakawia pale pale stesheni. Hapa ndipo Joseph Roulin, mtumishi wa posta, alipokuwa akishughulikia barua mwaka 1888, mwaka ambao Vincent van Gogh alihamia mjini na kumchora kwa wino. Nyumba ya njano aliyopanga msanii huyo, mwendo mfupi kutoka stesheni, iliharibiwa kwa mabomu mwaka 1944. Matete aliyochongea kalamu zake bado yapo.

Yamesimama kando ya mifereji, marefu kumzidi mtu, mengine yamepandwa yawe ua wa kukinga mashamba na mistral, upepo mkali utokao kaskazini. Van Gogh alimwandikia ndugu yake kwamba kalamu ya utete alikwisha kuijaribu kwao Uholanzi, ila huko hakupata matete mazuri kama ya huku. Mimi naamini ardhi hii ina fungu lake katika michoro ile.

Nilikata kipande kikavu, nikakichonga ncha kwa kisu na kuipasua katikati, kama walimu wetu wa chuoni walivyochonga kalamu zao za mwanzi. Nikachovya. Mstari ulianza mweusi, mnene, ukapauka, ukakauka kabla haujafika urefu wa kidole. Utete haubebi wino mwingi. Ukitaka shavu utalijenga kwa mikato mifupi, na kila mkato utaonyesha ulikandamiza wapi na ukaachia wapi.

Nilikuwa na postikadi ya mchoro mmoja wa Roulin. Wenyewe umehifadhiwa Los Angeles. Nikaitazama upya. Ndevu zimejaa mikato iliyopinda, inasongana kama maji yanayopiga nguzo ya daraja. Kwenye koti mistari imenyooka, ina uzito wa kitambaa cha sare. Ikifika usoni kalamu inapungua nguvu, inanyemelea, na macho yale yanamtazama mtu hadi unataka kumwamkia. Hakuna kivuli kilichopakwa: ni mistari, na baina yake karatasi tupu inayofanya kazi ya ngozi.

Jioni, ukingoni mwa mto Rhône, mzee mmoja aliyekuwa akivua aliniruhusu nimchore. Pua ilinishinda mara mbili. Mara ya tatu mistral ikausukuma mkono, mstari ukakatika mapema kuliko nilivyokusudia, na pua ikakaa. Mzee akaitazama kwa muda, akaniomba karatasi ile.