Dhoruba ndani ya swichi

Haya wadau, leo sio habari za boom wala foleni ya kafeteria. Leo ni swichi, lile boksi lenye vitaa vya kijani kwenye maabara ya kompyuta. Ijumaa watu 60 wanafanya jaribio humo, maksi zinaingia kwenye koziweki. Mara ya mwisho mtandao uliganda katikati ya jaribio, na ambao walikuwa hawajatuma majibu ikawa imekula kwao. Basi jana nimeshinda na fundi wa maabara, yeye kwenye kibodi, mimi maswali.

Siku ile kuna mtu alikuwa amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye kaswichi kadogo kalikowekwa chini ya meza. Duara hilo! Sasa kompyuta ikiuliza "nani ana anwani hii?", swali huenda kwa wote. Kwenye duara linarudi, linatangazwa tena, linarudi tena... kama gari la matangazo lililoingia kipilefti likakosa pa kutokea. Pakiti ya IP ina kihesabu kinachopungua kila ikivuka ruta, mwisho inakufa. Fremu ya Etheneti haina kitu hicho, haichoki. Poti ya megabiti 100 inapitisha fremu ndogo karibu 148,800 kwa sekunde, na kila kompyuta inalazimika kuzipokea. Lazima zigande tu.

Mtasema, si kuna spanning tree, ile aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 ili kuziba maduara? Ipo. Ila inagundua duara kwa jumbe zake maalumu, na vile viswichi vya bei chee vingine vinazitupa. Swichi kubwa inabaki haijui kitu.

Ndio maana kuna udhibiti wa dhoruba. Unaiambia poti: matangazo yanayoingia yakizidi asilimia fulani ya uwezo wako, zuia. Swichi yetu ni Cisco, amri ni storm-control broadcast level 1. Asilimia 1 inaonekana kiduchu, lakini kwa poti ya megabiti 100 bado ni fremu ndogo karibu 1,488 kila sekunde, na kompyuta yenye afya haifikii huko. Tukaongeza storm-control action shutdown, poti ijifunge kabisa. Hapo nilisita jamani. Ikijifunga, wote wanaotumia kaswichi kale wanatoka kwenye jaribio kwa kosa la waya mmoja. Fundi akanijibu, "Mwalimu, hao duara limeshawaua tayari. Mimi naokoa waliobaki." (Mwalimu ndio mimi, kwa vile nasomea ualimu, teh teh.) Tulichowafanyia ni kuiruhusu poti ijifungue yenyewe. Muda wa kawaida ukiwasha hiyo huduma ni sekunde 300, dakika 5 nzima! Tukashusha hadi 30.

Halafu kipaumbele. Waya wa kwenda kwenye seva tunachangia na ofisi, kwa hiyo poti za maabara tumezipa 5. Namba ni 0 hadi 7, kubwa ndio inatangulia. Angalieni msichanganye na kipaumbele cha poti kwenye spanning tree, kile kinaanzia 128 na ndogo ndio inashinda. Na hakipanui waya hata kidogo, kinapanga tu nani apite kwanza pakijaa.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Fundi alikataa kabisa kugusa kipaumbele kabla ya dhoruba. Mbona? Poti ikiwa na 5, kila kinachoingia humo kinapewa 5, hata matangazo ya duara. Yaani ungeipa dhoruba king'ora cha ambulansi.

Leo asubuhi tumetengeneza duara makusudi. Poti ikafunga, mashine nyingine wala hazikutikisika. Waya ukachomolewa, muda si mrefu kijani kikarudi. Kaswichi kenyewe bado kako chini ya meza, maana tundu za ukutani hazitoshi watu 60.