Njia ya Kabambare na Neno la Baridi na Joto

Juma lililopita tulitoka Kasongo kwenda Kabambare, kilioni kwa mwenzetu aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza. Tulikuwa sita kwa pikipiki tatu. Mvua ilikuwa imekata njia. Mara nyingi tulishuka, tukapita matope kwa miguu, viatu mkononi.

Njia hii ni ya zamani. Misafara ilipita hapa ikibeba pembe za ndovu na kusukuma watumwa, kuelekea Ujiji hadi Unguja. Livingstone mwenyewe alikwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870, miguu imejaa vidonda. Kule Unguja, forodha ya Sultani ilikodishwa miaka mingi na nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu kutoka Kutch. Watu wa pwani waliwaita Banyani. Machozi ya huku yalikuwa faida kule.

Lakini Wahindu wana kitabu, Bhagavad Gita, kinachosema sana juu ya furaha na huzuni. Ndani yake askari Arjuna anavunjika moyo mbele ya vita na ndugu zake, na Krishna anamfundisha. Anamwambia kwamba furaha na huzuni ni kama joto na baridi: huja, huondoka, basi avumilie. Tena kuna furaha inayoanza chungu kama sumu na kuishia tamu, na kuna inayoanza tamu na kuishia sumu.

Hiyo ya pili tunaijua. Tumeona vijana wakirudi na pesa ya dhahabu ya Salamabila, siku tatu za ngoma na pombe, halafu deni. Ya kwanza pia tunaijua: mama anayeanza kusoma akiwa na miaka arobaini, akichekwa na watoto wake, hata siku anaposoma mwenyewe karatasi ya dawa.

Lakini huzuni ya kufiwa je? Tulipofika, mmoja wetu alitaka kumwambia mfiwa, "Itapita." Mama mkubwa akamshika mkono, akamnyamazisha. Tukakaa kwenye mkeka. Tukachota maji, tukatwanga sombe, tukalala pale pale. Siku ya tatu mfiwa mwenyewe akasema, "Leo nimesikia njaa." Tukampakulia, hakuna aliyesema neno.

Tukiwa njiani kurudi tulielewa. Neno la baridi na joto ni la kweli, lakini mwenye baridi halihitaji kabla ya moto. Aliyefiwa atalifikia mwenyewe, kwa siku yake. Kazi yetu ni kukaa naye mpaka hapo.

Basi wamama, jirani akifiwa juma hili, tutangulize kuni, maji na sufuria ya sombe. Maneno yatafuata.