Bunduki ya bluu katika msitu wa Kent: Kwa nini mama alikataa kununua kopo la rangi nyeusi

Gravesend. Treni ya kasi inayotoka St Pancras, London, hutumia chini ya nusu saa kufika Gravesend, mji ulio kando ya Mto Thames katika kaunti ya Kent. Ukitoka kituoni utakuta mitaa myembamba, soko la zamani, na mbele kidogo hekalu kubwa la Masingasinga linaloonekana tangu mbali. Mji huu umezoea wageni.

Mama yangu mdogo anaishi hapa na mumewe na mtoto wao wa kiume mwenye miaka 15. Nilikaa kwao siku nne baada ya kumaliza mafunzo mafupi London. Jioni ya kwanza tu mdogo wangu alinionyesha kitu anachokipenda kuliko simu yake: bunduki ya plastiki, ndefu kama mkono wa mtu mzima, sehemu kubwa ya mwili wake ikiwa bluu inayowaka kama ndoo mpya.

Kulikuwa na mvutano ndani ya nyumba. Kijana alikuwa anaomba kopo moja la rangi nyeusi ya kupuliza, lile la kupakia baiskeli. Wenzake wanaicheka bunduki yake, wanaiita ya mtoto. Mama yake alikuwa amekataa mara tatu.

"Dada, mwambie mama ni rangi tu," aliniambia.

Mzazi unayesoma, swali la kijana huyu linakuhusu hata kama hujawahi kufika Ulaya. Bunduki za kuchezea zipo Kariakoo, zipo Mombasa, na kila sikukuu zinajaa kwenye meza za wachuuzi. Nimeona nieleze nilichokikuta Kent, kwa sababu Waingereza wameandika sheria nzima kuhusu rangi hiyo.

Mchezo wenyewe ukoje

Jumapili saa mbili asubuhi baba mdogo alitupakia kwenye gari hadi msitu ulio nje ya mji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na uwanja wa kuegesha magari ulikuwa tope tupu. Kulikuwa na makontena mawili, hema la chai, na wachezaji kama 60 wakivaa nguo za mabaka.

Mchezo unaitwa easofti. Ulianzia Japani, ambako raia wa kawaida hawaruhusiwi kirahisi kumiliki silaha, wakabuni bunduki zinazorusha vigololi vya plastiki. Kigololi kimoja kina upana wa milimita 6. Wachezaji hugawanyika makundi mawili, hujificha nyuma ya miti na kuta za mbao, na kuwindana. Kigololi hakiachi alama ya rangi, hivyo aliyepigwa lazima akiri mwenyewe, anyooshe mkono na kutoka. Anayedanganya hufukuzwa. Niliwaona fundi bomba, mwalimu wa sekondari, na baba mmoja aliyekuja na mabinti zake wawili.

Kabla ya kuanza, kila bunduki hupimwa mwendo kwa kifaa kidogo mezani. Katika uwanja huu, bunduki inayomimina vigololi mfululizo haitakiwi kuzidi futi 350 kwa sekunde ikitumia kigololi cha gramu 0.2. Hiyo ni karibu mita 107 kwa sekunde. Sheria ya nchi nayo ina mpaka wake. Tangu mwaka 2017, bunduki ya easofti ni ile isiyozidi nguvu ya jouli 1.3 ikiwa inapiga mfululizo, au jouli 2.5 ikiwa inapiga moja moja. Ikizidi hapo, polisi wanaweza kuihesabu silaha halisi.

Mwenye chini ya miaka 18 hapa haingii bila kufunika uso mzima, macho hadi meno. Ukivua miwani ya kinga ndani ya eneo la mchezo, mwamuzi anapuliza filimbi na mchezo wote unasimama.

Sheria ilivyofika dukani

Ili kuelewa kwa nini rangi ni jambo zito, rudi Machi 1996. Katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Baadaye macho yaligeukia bunduki bandia, kwa kuwa mwizi anaweza kumtisha mtu kwa plastiki akamaliza kazi yake bila risasi.

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu. Kuanzia Oktoba 1, 2007 ikawa kosa kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bunduki bandia inayofanana na halisi. Kanuni zake zilitaja hadi rangi zinazoifanya bunduki isifanane na halisi: nyekundu, machungwa, njano, kijani, waridi, zambarau na bluu, zote za kung'aa, au mwili unaopenyeza mwanga. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki bandia ya aina yoyote.

Wachezaji wa easofti walipiga kelele, na serikali ikawaachia mlango mmoja. Anayecheza kwenye uwanja wenye bima ya kulipia madhara kwa watu wengine anaweza kununua bunduki nyeusi kwa ajili ya mchezo huo. Lakini muuzaji atajuaje kuwa mteja ni mchezaji kweli?

Jumatatu nilimfuata mwenye duka mmoja katika eneo la viwanda. Ukuta wa nyuma ya kaunta umejaa bunduki nyeusi ambazo, kwa macho yangu, huwezi kuzitofautisha na za askari. Mbele, mahali pa kufikia mkono, zimepangwa za bluu, machungwa na kijani.

Alinieleza kuwa wauzaji walianzisha daftari lao la pamoja la wachezaji, linaloitwa UKARA. Kuingia humo, lazima mtu acheze mara tatu kwenye uwanja mmoja, na kati ya mara ya kwanza na ya tatu zipite siku zisizopungua 56. Kila mwaka usajili unahuishwa. Mteja akitaka bunduki nyeusi, muuzaji anaomba namba, anaikagua, anaangalia kitambulisho cha umri, ndipo anauza. Asiye na namba huuziwa ya rangi. Akipenda bunduki ambayo duka inayo kwa rangi nyeusi tu, fundi aliye chumba cha nyuma huipuliza rangi ya kung'aa kwanza, kwa malipo ya ziada.

Kwa hiyo mgeni wa mchezo huanza kwa kukodi bunduki uwanjani miezi miwili mizima. Wengine hukata tamaa wakaenda kwenye michezo mingine, na duka likapoteza mteja. Anayeagiza bunduki nyeusi kutoka nje bila kuwa na sababu inayokubalika, mzigo wake huishia mikononi mwa maofisa wa mpakani. Mwenye duka alilalamikia karatasi na muda, lakini aliniambia hataki kurudi zamani, kwa sababu daftari hilo ndilo linalomtenga yeye na mtu anayeuza chochote kwa yeyote.

Si kila nchi imechagua njia hii. Australia imeuwekea mchezo vikwazo vikali. Kanada ilileta muswada mwaka 2022 ambao ungepiga marufuku bunduki nyingi za aina hii. Wenye maduka na viwanja walihofia kufunga milango, na mwaka 2023 kamati ya Bunge ikakiondoa kifungu hicho. Uingereza iliruhusu mchezo, lakini ikamwekea muuzaji na mzazi mzigo wa kuhakiki.

Kopo la rangi

Sasa turudi kwenye ombi la mdogo wangu. Sheria hiyo hiyo ya 2006 inasema kuibadilisha bunduki bandia ili ifanane na halisi ni kosa, sawa na kuiuza. Mwenye sababu inayokubalika, kama mchezaji halisi, anaweza kujitetea, lakini kujitetea ni baada ya kukamatwa. Na kubeba bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa lingine, linaloweza kumpeleka mtu mzima jela hadi miezi 12.

Hata hivyo, mama mdogo hakuwa anafikiria mahakama. Nilipomuuliza jikoni, usiku akiwa ametoka zamu kwenye nyumba ya kulea wazee, alitaja jina moja: Tamir Rice.

Tamir alikuwa na miaka 12. Novemba 22, 2014 alikuwa akicheza kwenye bustani ya umma mjini Cleveland, Marekani, akiwa na bastola ya easofti ya rafiki yake. Sheria ya Marekani inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya machungwa. Kwenye ile bastola ncha hiyo haikuwepo. Mtu aliyepiga simu polisi alisema huenda bunduki ni bandia na huenda mwenye nayo ni mtoto. Maneno hayo hayakufikishwa kwa askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, Tamir alipigwa risasi ndani ya sekunde mbili hivi. Alifariki siku iliyofuata. Hakuna askari aliyeshtakiwa kwa kifo hicho, na mwaka 2016 jiji lilikubali kuilipa familia dola milioni 6.

Mwaka mmoja kabla, huko Santa Rosa, California, Andy Lopez mwenye miaka 13 aliuawa na ofisa wa usalama akiwa amebeba bunduki ya easofti yenye umbo la AK-47. Baada ya hapo jimbo hilo liliongeza alama za rangi zinazotakiwa kwenye bunduki hizi, kuanzia mwaka 2016.

"Mwanangu ni mrefu, ni mweusi, na anavaa kofia ya sweta," mama mdogo aliniambia. "Askari hatamwuliza kama ni rangi ya kopo."

Hapo ndipo nilipoona sheria hii inaangalia wapi. Anayelengwa zaidi ni jirani aliye dirishani na askari aliye mbali, wasiojua kuwa ndani mna plastiki, na wenye sekunde chache za kuamua. Rangi ya bluu inazungumza kwa niaba ya mtoto kabla hajapata nafasi ya kufungua mdomo.

Baba mdogo alitafuta suluhu. Kijana ataendelea na ya bluu hadi atimize miaka 18. Ikitoka nyumbani inakaa kwenye begi lililofungwa, ndani ya buti ya gari, na haipandi basi wala haipigwi picha barabarani. Akifika umri na akiwa bado anaupenda mchezo, atajisajili mwenyewe. Kijana alinuna siku nzima. Kopo halikununuliwa.

Na macho je?

Kama mwandishi wa afya, siwezi kuacha upande huu. Kigololi kikipiga mkono kinaacha alama nyekundu na kuuma kidogo. Kikipiga jicho ni jambo jingine. Kinaweza kukwaruza konea, kile kioo cha mbele, kusababisha damu kuvuja ndani ya jicho, kuharibu lenzi hadi mtoto wa jicho ajitokeze, au kuchana retina kwa nyuma. Presha ya jicho inaweza kupanda miaka mingi baadaye. Katika nchi kadhaa za Waislamu madaktari wa macho wameeleza kupokea watoto wa namna hii kila Idi, kwa kuwa ndipo fedha za sikukuu zinaponunua bunduki za vigololi.

Mtoto akipigwa jichoni, usimruhusu kulisugua na usilikandamize. Usiweke dawa ya dukani wala maziwa. Funika jicho kwa kitu kisichogusa, kama kikombe safi cha plastiki, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata akisema maumivu yameisha. Damu ndani ya jicho si lazima iume sana.

Kabla hujanunua au kupokea zawadi

Ndugu wa nje wanapouliza waje na nini, bunduki huwa kwenye orodha ya watoto. Mwambie ndugu yako mapema kuwa bunduki bandia hairuhusiwi kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege, hata ya plastiki, na ya kuweka kwenye sanduku aliulize shirika la ndege. Kuhusu kuiingiza nchini, uliza polisi na forodha kwanza.

Ukiamua kununua, chagua ya rangi inayong'aa mwili mzima na isiyorusha kitu. Kama inarusha vigololi, nunua na miwani ya kinga siku hiyo hiyo. Miwani ya jua haifai, kwani hupasuka. Mkataze mtoto kuipaka rangi au kuondoa ncha ya machungwa, na mweleze sababu kwa lugha yake. Icheze ndani ya ua, mtu mzima akiwepo, isitoke barabarani, na isielekezwe kwa mlinzi, askari wala mpita njia, hasa giza likianza kuingia.