Nilipoacha Kuamini Maji

Land Rover 109 yangu ni gari la kuunga. Bodi imetoka Uingereza, injini ni 3L ya Toyota iliyong'olewa kwenye Hiace, na rejeta ni ileile ya zamani, ya kupoza injini ya lita 2.25. Kutoka Tanga hadi Segera na Korogwe, hata uipakie saruji ya Pongwe mpaka springi zilalamike, mshale wa joto hauna habari. Kesi ilikuwa ikianzia Mombo. Kutoka hapo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, gia ya pili, mwendo usioleta upepo wowote wa maana. Soni, iliyo njiani, hatukuwa tukifika bila kuchemsha.

Nilikuwa muumini wa maji. Tiba niliyoikuta gereji ilikuwa moja: ng'oa thamostati, beba madumu, ongeza. Na maji yenyewe ni ya kisima, yana chumvi kama visima vingi vya karibu na bahari. Yaliacha magamba ndani ya rejeta.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za maji, akanikatiza. "Mwanangu, washa gari kwanza." Akachukua ukurasa wa gazeti, akauweka mbele ya rejeta. Katikati ukanata. Aliposogeza pembeni ukaanguka. "Unaona? Feni inavuta hapa tu. Kwingine kote rejeta imelala."

Injini ya Hiace ilikuwa imefungwa nyuma kuliko ile ya asili, feni ikawa mbali na rejeta, tena bila kava. Mapanga yalikuwa yakikoroga joto lilelile la chini ya boneti. Fundi bati wa Ngamiani akanikatia kava linalofunika mgongo wote wa rejeta, na tundu la feni katikati: nusu ya mapanga ndani, nusu nje, nafasi ya vidole viwili kuzunguka. Mianya ya pembeni tukaiziba kwa mpira wa tyubu, ili upepo unaoingia mbele usipate njia ila kupita kwenye rejeta.

Gazeti likanata kila mahali.

Thamostati mzee aliirudisha kwa ukali. Katika injini nyingi za Toyota, ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji ya moto mengine yanarudi injini bila kuiona rejeta. Mimi nilikuwa nimeambiwa kinyume chake, na mafundi wazuri tu. Kisha mfuniko. Springi ya wangu ilikuwa imekufa, na kwa mwinuko wa Lushoto maji yasiyobanwa huchemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko mzima wa pauni 13 huyasogeza mpaka 115 hivi. Ndani sasa kuna kulanti na maji safi, kisima kimebaki cha kuoshea gari.

Vijana wananishauri nifunge feni ya umeme. Kwa gari la mjini, sawa. Kwenye mlima ule feni haipumziki hata dakika moja, na altaneta yangu tayari inahangaika na taa. Hii inayozungushwa na injini inanitosha, mradi nikague mkanda wake kabla sijaondoka Mombo.