Kutoka Maputo Hadi Pemba

Mtu aliyezoea kulisikia jina la Pemba na kukumbuka karafuu hana budi kuwa macho afikapo katika kiwanja cha ndege cha Maputo. Pemba inayotangazwa hapo ni makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mji ambao Wareno waliuita Porto Amélia.

Baina ya viwanja hivyo viwili pana kiasi cha kilometa 1,660 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa karibu saa mbili na nusu. Kwa motokaa ni habari nyingine: barabara kuu hupindapinda hata kufikia kilometa kama 2,400, na kabla ya daraja la Caia kufunguliwa mwaka 2009, magari yaliuvuka mto Zambezi hapo kwa pantoni.

Reli ya kuunganisha miji hiyo haipo. Wareno walijenga njia za reli zitokazo bandarini kwenda bara: Maputo kuelekea Transvaal, Beira kuelekea Zimbabwe ya leo, Nacala kuelekea Malawi. Hawakujenga hata moja ya kuunganisha kusini na kaskazini, maana tamaa yao ilikuwa juu ya shehena za nchi jirani. Mwaka 1898 waliuhamisha hata mji mkuu kutoka Kisiwa cha Msumbiji, wakaupeleka Lourenço Marques, ndiyo Maputo, karibu na dhahabu ya Transvaal. Ndivyo makao ya serikali yalivyojikuta pembeni kabisa mwa nchi.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Kutoka Pemba hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga hazitimii kilometa 700, yaani hata nusu ya mwendo wa kwenda Maputo haifiki. Wavuvi wa pwani hiyo husema Kimwani, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili. Afikapo Maputo, penye Kironga na Kichangana, mwenyeji wa Pemba hutegemea Kireno.

Samora Machel aliutambua vema umbali huo. Mwezi Mei 1975 aliingia Cabo Delgado akitokea Tanzania, akashuka kusini jimbo kwa jimbo, akifanya mikutano ya hadhara. Safari ambayo ndege huimaliza kabla ya chakula cha mchana ilimchukua kama mwezi mzima, na uhuru ukatangazwa Juni 25.

Umbali huo ulidhihirika tena vita vilipozuka Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Mwaka 2020 mashua zilizosheheni wakimbizi zilitia nanga ufukoni Paquitequete, mtaa wa wavuvi mjini Pemba. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, baadhi ya watu walisafirishwa hadi Pemba kwa ndege kutoka rasi ya Afungi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka askari katika kikosi cha SADC, kilichokuwa huko tangu 2021 hadi 2024. Askari hao walikuwa jirani na kwao, ng'ambo tu ya Ruvuma, ilhali ofisa aliyetumwa kutoka Maputo alikuwa na zile kilometa 1,660 za kuvuka kwanza. Na familia za Paquitequete, zilizokwisha kubanana vyumbani, ziliendelea kuwapokea wageni.