Mbwa Anayepanda Juu Mvua Inaponyesha

Huku Ubelgiji kuna namna ya kusafiri ambayo wengi wenu hamjaiona. Watu huingia katika gari ambalo ni nyumba pia, lenye kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na choo chembamba kama kabati, nao huenda popote barabara inapofika na kulala humo humo. Tuliite gari-nyumba. Wenyeji hulitumia zaidi wakati wa jua. Sisi, mume na mke, wana wa Bukavu, tulisafiri nalo mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2021, majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka, na mvua nyembamba ya baridi hunyesha kutwa kucha, bila radi na bila haraka. Tulikuwa watatu: sisi wawili, na mbwa mzee ambaye hakuwa wetu.

Hatukwenda kutalii. Tunakaa Verviers, mji uliojengwa kandokando ya mto Vesdre. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai mwaka ule, mto huo ulifurika na kuingia mitaani. Huko Jalhay, mlimani juu yetu, zilikuwa zimenyesha zaidi ya milimita 270 katika muda wa saa 48. Katika Ubelgiji nzima walikufa watu 39, wengi wao katika bonde letu. Sisi tunaishi ghorofa ya pili, na maji hayakutufikia. Jirani wetu wa chini, bibi aliyepita miaka 80, tulimpandisha ngazi gizani akiwa amevaa nguo za kulalia, amemkumbatia mbwa wake mdogo, Filou. Kulipopambazuka tuliona maji yamefika karibu na dari ya chumba chake. Baada ya majuma machache alipelekwa katika nyumba ya wazee, na nyumba hiyo haipokei mbwa. Hivyo Filou akabaki kwetu.

Tangu usiku ule Filou alikuwa na desturi moja. Matone ya kwanza yakigonga dirisha, aliinuka, akapanda ngazi hadi mlango wa dari, akaketi pale ameuelekezea ukuta uso wake. Hakubweka wala hakulia. Alingoja mpaka mvua ikatike, na katika nchi hii mvua inaweza kuchukua siku mbili kukatika.

Nasi tulikuwa na desturi yetu, ila hatukuisema. Mvua ikianza usiku, mmoja wetu aliamka kutazama barabara kwa dirishani, na mwingine alilala kimya, macho wazi, akimwacha aende na arudi. Asubuhi tulikunywa chai na kuzungumza juu ya bei ya mkaa wa Bukavu, juu ya karatasi za bima, juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Ndipo mafundi walipoleta mashine za kukausha kuta za chini, mashine zinazonguruma usiku na mchana, na rafiki mmoja wa parokia akatuazima gari-nyumba lake kwa juma moja. Alisema tupumzike kelele.

Mama yetu wa Bukavu alipopata habari kwa simu, alicheka kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya kweli: “Wanangu, mbwa analala ndani, pamoja nanyi?” Kwetu mbwa ni mlinzi, na mahali pake ni nje. Tena si dharau tupu. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na mama aliyewahi kuona mtoto wa jirani akifa kwa ugonjwa huo hawezi kuambiwa kwamba mbwa ni rafiki tu. Tulimjibu kwamba Filou amechanjwa, na kwamba tunamfuta miguu kwa taulo kabla hajaingia. Jambo la taulo lilimshangaza kuliko la chanjo.

Na taulo hizo zilikuwa kazi yetu kubwa. Anayesafiri na mbwa katika mvua ya majira haya aelewe kwamba nusu ya siku yake itakwenda katika kukausha. Mbwa hutoka mara nne kwa siku, na kila mara hurudi na tope, majani na harufu ya blanketi lililosahauliwa. Hakuna uwanja wa kuanika. Pumzi za watu wawili na mbwa mmoja hugeuka matone kwenye vioo, na matone hutiririka mpaka kwenye godoro, kwa hiyo ni lazima kufungua dirisha kidogo ingawa nje ni baridi, na kuwasha moto wa gesi ingawa gesi inaisha. Majani yaliyolowa huziba mifereji ya paa, nayo barabarani huteleza kama sabuni.

Kuna jambo lililotuchekesha. Nje maji yalijaa kila shimo, lakini ndani tuliyahesabu kwa lita, kwa kuwa tangi letu lilichukua lita 100 tu kwa kuoga, kupika na kuosha vyombo. Mmoja wetu, ambaye utotoni alibeba bidon za lita 20 kutoka bombani hadi kilimani, alishika usimamizi wa tangi siku ya kwanza na hakumwachia mwenzake mpaka mwisho. Bukavu inatazama ziwa zima, na mabomba yake hukauka. Kuoga kwa kopo moja tulikujua kabla ya kuja Ulaya.

Sauti ya mvua juu ya gari-nyumba ni ile ile ya mvua juu ya mabati. Hatukuitazamia. Verviers paa ni la mawe membamba na liko mbali juu ya dari, mtu huona mvua zaidi kuliko kuisikia. Sasa tuliisikia shubiri moja juu ya vichwa vyetu, na kwa watoto wa mabati sauti hiyo ni usingizi wenyewe: mama ameshaingiza nguo, hakuna kutumwa sokoni, shuleni mwalimu amenyamaza kwa kuwa hasikiki. Usiku wa kwanza tulilala pale kati ya mambo mawili, mwili ukikumbuka Bukavu na akili ikikumbuka Julai. Filou hakuwa na mabati ya kukumbuka. Alirukia kiti, kutoka kiti akarukia meza, kutoka meza akapanda kitanda cha juu kilichojengwa juu ya mahali pa dereva, akauelekea ukuta.

Siku ya pili tulipanda nyanda za juu ziitwazo Hautes Fagnes. Ni nchi ya kinamasi, ukungu na nyasi za rangi ya kutu, na huko ndiko Vesdre na vijito vinavyoulisha, kama Helle na Hoëgne, vinakoanzia. Tulitaka kuona maji yetu yanatoka wapi. Ardhi ile imefunikwa na mimea midogo, laini, inayonyonya maji kama sifongo na kuyaachilia polepole. Kwa muda mrefu watu walichimba mifereji ili ardhi ikauke wapande misonobari ya mbao, na mahali pengi sifongo ikafa. Siku hizi mifereji mingi inazibwa ili kinamasi kirudi. Hatusemi kwamba mifereji ndiyo iliyoleta Julai, maana mvua ile ingeishinda sifongo yoyote. Lakini ukikanyaga pale na kuona unyayo wako ukijaa maji taratibu, unafahamu kwamba maji hayakuwa na haja ya kuwa adui wa mtu.

Mahali pa juu kabisa pa Ubelgiji ni hapo, Signal de Botrange, mita 694. Mwaka 1923 walirundika kilima kidogo chenye ngazi ili mtu aweze kusimama kwenye mita 700 kamili. Mtu wa Bukavu hutabasamu, kwa kuwa uso wa ziwa Kivu tu uko juu zaidi ya mara mbili ya hapo. Filou hakutabasamu. Mvua ilikuwa imezidi, naye alipoziona ngazi alivuta kamba kwa nguvu ambayo hatukuidhani katika mwili mzee namna ile, akapanda mpaka juu, akaketi. Hapakuwa na mlango wala ukuta wa kuelekea. Hapakuwa na mahali pengine pa kupanda katika nchi nzima. Alitutazama.

Tulisimama naye pale tukilowa. Kisha mmoja wetu akasema: “Hata mimi silali.” Na mwingine akajibu: “Najua. Nakusikia ukienda dirishani.” Basi. Yaliyobaki yalisemwa garini, kwa muda mrefu, taulo zikining'inia kati yetu: nani alisikia mlango wa bibi ukivunjika, nani alifikiri kwamba ngazi haitatosha, na kama tunaweza kuendelea kukaa kando ya mto ule au la. Miezi mitatu na nusu tulikuwa tumefichana woga uliokuwa mmoja. Mbwa hakuficha wa kwake hata siku moja.

Kutoka hapo tulishuka kusini kupitia misitu ya Ardenne. Ni majira ya uwindaji, na njia nyingi za msituni zilikuwa na matangazo mekundu yenye tarehe za kufungwa, hivyo Filou hakuachiwa kamba. Tarehe 4 Novemba tukafika Saint-Hubert. Mtakatifu Hubert, aliyefariki mwaka 727, alikuwa askofu wa kwanza wa Liège, jimbo letu la huku. Masimulizi husema alikuwa mwindaji hata siku alipomwona kulungu mwenye msalaba kati ya pembe zake. Kabla Pasteur hajapata chanjo mwaka 1885, walioumwa na mbwa wenye kichaa walikuja hapa kutoka mbali kuomba msaada wake. Kila tarehe 3 Novemba hubarikiwa mikate, na wanyama pia. Sisi tulikuwa tumechelewa kwa siku moja kwa sababu ya mvua, lakini mwokaji mmoja alitupa mkate mdogo uliobaki na kutuonyesha desturi: kipande kwa watu, kipande kwa mbwa. Tulikula watatu chini ya mwavuli, mbele ya basilika. Mama alipigiwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kama ni mkate uliobarikiwa, sawa.

Bouillon tuliiona kwa masaa mawili tu, ngome juu na mto Semois ukizunguka chini. Usiku ule, mvua ilipoanza, Filou alipanda kitandani juu kama kawaida, nasi tukapanda pia, ingawa kitanda kile ni chembamba.

Tulirudi Verviers. Tuliamua kubaki, si kwa ushujaa: kodi ni nafuu, na kazi iko karibu. Bibi aliruhusiwa kumwona Filou bustanini, Jumapili, na kila mara aliuliza, “Bado anapanda?” Alifariki mwaka uliofuata. Mbwa akawa wetu bila karatasi yoyote.

Mwezi wa Mei 2023 simu zilianza kuingia kutoka nyumbani. Mvua ya tarehe 4 ilikuwa imeshusha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Tuna shemeji huko. Namba yake haikupokelewa jioni yote. Tulitoka tukaketi ngazini, mahali pa Filou, karibu na mlango wa dari, naye alikuja akalala kati yetu, mpaka kulipokaribia kucha na shemeji akapokea.