Bibi Hakuwa Mvivu

Treni ya Kaliua ilipopiga honi kituoni Mpanda, wajukuu wote tulitoka mbio kwenda kuitazama. Bibi alibaki nyuma, akijiinua kutoka kwenye kigoda kwa mikono miwili, polepole, na rovu lake shingoni. Tulimwita Kinyonga. Naye alicheka.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nikajifunza kwamba misuli ina nyuzi za kasi na nyuzi za polepole, na kwamba haziamui zenyewe ziwe za aina gani. Mwaka 1960 Arthur Buller, John Eccles na bintiye Rosamond walihamisha neva za paka: msuli wa kasi ulipopewa neva ya msuli wa polepole, ukapunguza mwendo. Homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, nazo zina sauti. Zikipungua, nyuzi huelekea upande wa polepole, na msuli uliokaza huchelewa kulegea. Tezi hutengeneza homoni hizo kwa madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi.

Nikaweka kalamu chini. Bibi alishafariki, na hakuna aliyewahi kumpima damu. Sisi tulimpima kwa macho, tukampa jina. Na kila alfajiri alikuwa ameamka kabla yetu, uji uko jikoni.